Treni isiyo na dereva ikikugomea uwanja wa ndege: dalili, chanzo na la kufanya

Simu za namna hii huingia usiku. New York ikiwa saa moja jioni, hapa Mbeya ni saa nane au saa tisa usiku kutegemea na majira ya kule, na mimi huwa macho kwa sababu najua nani yuko njiani. "Mwanangu, tumeingia kwenye treni, imesimama. Dereva hayupo. Konda hayupo. Hata wa kumuuliza simwoni."

Nakatisha tiketi za ndege hapa mjini. Wateja wangu wengi ni wazazi wanaokwenda kuwaona watoto wao ughaibuni: mkulima wa kahawa wa Mbozi, mwalimu mstaafu wa Tukuyu, mama wa Makambako anayekwenda kumlea mjukuu. Wanaondokea Songwe, wanabadilisha ndege Dar es Salaam, wanapita Dubai, Doha au Frankfurt, kisha wanaendelea mbele. Ndege zenyewe wanazizoea upesi, maana ndani kuna mhudumu wa kumwita. Kinachowatoa jasho ni kile kitreni kinachowatoa jengo moja kuwapeleka jingine, chenye milango inayojifungua yenyewe na mbele yake hakuna mtu.

Nimepanga maelezo haya kwa kufuata maneno wanayoniambia wao kwenye simu. Aliyekwama atafute dalili inayofanana na yake, aanzie hapo. Asiyesafiri bado, asome sehemu inayofuata, kwa sababu nusu ya wasiwasi huisha mtu akishajua chombo chenyewe kinavyofikiri.

Kabla ya dalili yoyote

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini treni tuliyokua nayo ni Tazara. Injini ya dizeli iko mbele, dereva anaonekana, kuna mtu wa bendera, na ikisimama kituoni unashusha dirisha unanunua ndizi. Hata SGR ya Dar es Salaam kwenda Dodoma iliyoanza 2024, pamoja na kuwa ya umeme, ina dereva. Treni ya uwanja wa ndege ni ukoo mwingine. Ya kwanza ilianza 1971 huko Tampa, Florida. Atlanta wakaweka ya kwao chini ya ardhi 1980, Gatwick ya Uingereza 1983, na ile ya uwanja wa John F. Kennedy, New York, inayoitwa AirTrain, ikafunguliwa 17 Desemba 2003. Hiyo ya New York ina njia ya kilomita 13 hivi, na hufanya kazi saa 24.

Inaongozwa na kompyuta zilizomo ndani yake, zinazozungumza muda wote na kompyuta za kando ya njia. Juu ya hizo kuna chumba cha kuongozea, na humo wamo watu, mchana na usiku, wanaoiona kila treni kwenye skrini. Hili huwa nalirudia kwa kila mzazi kabla hajaondoka: mtu yupo, ila amekaa chumba kingine, na kuna kitufe cha kumfikia.

Treni hiyo inaruhusiwa kuondoka pale tu mambo yake yote yanapojibu ndiyo. Milango yote imefungwa na kujikaza. Njia ya mbele ni tupu. Mawasiliano yapo. Umeme upo. Mtu hajavuta mkono wa dharura. Moja tu likijibu hapana, treni inabaki ilipo, au kama iko mwendoni inafunga breki. Haina uwezo wa kusema "tujaribu hivyo hivyo", kama dereva wa kosta anavyoweza kuondoka na mlango wazi pale stendi ya Kabwe hapa Mbeya. Kwa hiyo ukiikuta imesimama, jiulize inasubiri nini. Karibu kila dalili iliyo hapa chini ni jibu mojawapo la swali hilo.

"Mlango unafunga, unafunguka, unafunga tena"

Hii ndiyo simu ninayoipata kuliko zote, na ndiyo abiria mwenyewe anayeweza kuimaliza kwa sekunde tano.

Niliiona kwa macho yangu nilipomsindikiza shangazi yangu kwenye uwanja mmoja mkubwa. Tuliingia watu wengi kwa pamoja. Kijana mmoja alisimama akiupa mlango mgongo, begi lake mgongoni. Mlango ukaja polepole, kingo zake nyeusi za mpira zikakutana, lakini katikati yake ulikuwa mkanda wa begi, mkanda mwembamba wa kufungia, usiozidi unene wa kidole. Mlango ukasita, ukafunguka. Ukaja tena, ukaubana mkanda pale pale, ukafunguka. Kijana ana vipokea sauti masikioni, hajui kitu. Sauti ya tangazo inasema jambo, watu wanatazamana, wengine wanaangalia saa. Shangazi ndiye aliyeuona. Akamgusa bega, akamwonyesha kwa kidole bila neno. Kijana akapiga hatua moja ndani, mlango ukafunga, tukaondoka.

Chanzo ni hicho. Mota ya mlango hupima nguvu inayokutana nayo. Ikigusa kitu kabla kingo hazijakutana sawasawa, inarudi nyuma ili isimkate mtu mkono. Ikishajaribu mara kadhaa na kushindwa, mifumo mingi huacha kujaribu na kupeleka taarifa kwenye chumba cha kuongozea, na hapo ndipo kuchelewa kwa kweli kunapoanza, kwa sababu sasa anasubiriwa fundi. Treni za nyuma nazo zinapanga foleni. Uwanja kama Atlanta, ambako treni hufuatana kwa tofauti ya dakika mbili hivi, mkanda mmoja wa begi unaweza kusimamisha maelfu ya watu.

La kufanya: angalia chini na pembeni yako. Ncha ya kitenge, gurudumu la begi, kamba ya koti, fimbo ya mzee, mfuko wa plastiki. Sogea hatua mbili ndani. Usiusukume mlango kwa mikono ukidhani unausaidia, maana ukiusukuma unauambia kuna kizuizi, nao utarudi.

Tena, naomba sana, usimshikie mwenzako mlango. Najua kwetu ni uungwana. Konda akining'inia mlangoni akamsubiri mama mwenye ndoo kichwani, tunamsifu. Kule ukiuzuia mlango kwa mkono unamzuilia kila mtu, na treni nyingine inakuja baada ya dakika chache. Mkitengana, kubalianeni mapema hivi: aliyetangulia anashuka kituo cha kwanza na kusimama jukwaani bila kusogea. Aliyebaki anapanda inayofuata ya njia ile ile na kushuka hapo hapo. Wazee wangu wawili wa Rungwe, mume na mke, walitengana namna hiyo wakakutana tena ndani ya dakika sita, kwa kuwa walikuwa wameshapanga nyumbani.

"Imefika kituoni lakini milango haifunguki"

Vituo vingi vya treni hizi vina ukuta wa kioo kando ya jukwaa, wenye milango yake. Kwa hiyo kuna milango ya aina mbili, ya treni na ya jukwaa, na lazima ikabiliane sawasawa ndipo ifunguke kwa pamoja. Treni ikisimama mbele au nyuma kidogo ya alama yake, hakuna unaofunguka. Hapo utaihisi inajisogeza kidogo kidogo, kama lori linalotafuta mahali pa kushushia mzigo. Ni yenyewe inajiweka sawa. Subiri.

Chanzo cha pili ni kwamba umeukabili mlango usio wako. Kuna vituo vyenye majukwaa pande zote mbili: upande mmoja ni wa kushukia, upande wa pili wa kupandia, na wa kushukia hufunguka kwanza. Nimeshampata mama aliyeganda mbele ya kioo kilichofungwa huku nyuma yake watu wote wanashuka. Ukiona haufunguki, geuka.

Ikishindikana kabisa, treni huendelea hadi kituo kinachofuata. Shuka huko urudi na nyingine. Usiguse mkono mwekundu ulio juu au kando ya mlango. Ule ni wa moshi na moto. Ukiuvuta bila sababu, treni inaweza kukataa kuondoka mpaka mfanyakazi aje mwenyewe kuurudisha mahali pake.

"Imesimama katikati ya njia"

Hapa watu hulia. Mwingine yuko juu ya daraja, anaona magari chini. Mwingine yuko ndani ya handaki, nje ni giza tupu. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye handaki la namna hiyo dakika kumi na tano kwenye uwanja ambao sitautaja, na najua koo linavyokauka. Kwa hiyo naandika hapa kwa utulivu, ili nawe ukisoma utulie.

Anza na taa na kiyoyozi. Hivyo viwili vinakuambia karibu kila kitu.

Taa zinawaka kama kawaida na kiyoyozi kinavuma: umeme upo. Chanzo cha kawaida kabisa ni kwamba treni iliyo mbele yako haijaondoka kituoni, pengine kwa sababu ya mkanda wa begi kama ule wa yule kijana. Kompyuta haikuruhusu kuisogelea. Hii huisha kwa sekunde au dakika chache. Mzee wa Mbozi alinipigia akiwa katika hali hiyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tuko juu. Chini naona barabara na magari. Imesimama."

"Taa zinawaka?"

"Zinawaka."

"Upepo wa kiyoyozi unatoka juu?"

"Unatoka, tena wa baridi."

"Basi umeme upo, baba. Kuna nyingine mbele yenu haijatoka. Shika nguzo, kaa karibu na begi lako."

Hakuwa amejibu, nikasikia kwenye simu ule mvumo wa kuondoka.

Taa zinawaka lakini dakika zinapita, kumi, kumi na tano, na tangazo linajirudia: huenda treni imepoteza mawasiliano na kompyuta za njiani. Ikishindwa kujua iko wapi na mwenzake yuko wapi, inafunga breki. Wakati mwingine chumba cha kuongozea huiwasha upya kutoka mbali. Ikishindikana, anakuja mfanyakazi kwa miguu au kwa treni nyingine, anafungua kwa ufunguo kisanduku kilicho mbele ya behewa, na ndani yake kuna vitufe vya kuendeshea. Hapo treni isiyo na dereva inapata dereva, naye ataiendesha taratibu sana hadi kituoni. Ukimwona anaingia na kufungua kisanduku, jua tatizo liko mwishoni.

Taa zimefifia, kiyoyozi kimenyamaza: umeme umekatika njiani. Sisi kukatika kwa umeme si habari, lakini ndani ya treni mtu huanza kuwaza kwamba bila umeme hata breki hazipo. Ni kinyume chake. Kila dereva wa lori anayepanda Kitonga anaijua siri hii: breki za maegesho za lori lake hubanwa na springi, na upepo ulio kwenye matangi ndio unaozifungua. Upepo ukiisha, lori haliendi popote, magurudumu yamebana. Breki za dharura za treni hizi zimejengwa kwa wazo lile lile. Nguvu ndiyo inayozuia breki zisibane, na nguvu ikipotea zinabana zenyewe. Haiwezi kuserereka kurudi nyuma. Betri zilizomo ndani huendelea kuwasha taa za dharura na kile kitufe cha kuzungumza.

Kitufe hicho kiko karibu na mlango, mara nyingi kina picha ya mtu anayeongea au ya kengele. Bonyeza mara moja, subiri. Kiingereza kisikutishe. Katika mifumo mingi ukibonyeza tu, aliye chumbani anaona ni behewa lipi linaloita. Ukiweza, soma namba iliyoandikwa ukutani, juu ya mlango au mwisho wa behewa, useme tarakimu moja moja. Kama kuna mgonjwa, mtoto mchanga au mama mjamzito, mtafute abiria kijana akusemee, maana taarifa hiyo inabadilisha uharaka wao.

Jambo ambalo sitaacha kulisema ni hili: usifungue mlango, na usimruhusu mwingine afungue. Pembeni mwa njia kuna reli inayobeba umeme. Ile ya AirTrain ya New York ina volti 750, wakati umeme wa majumbani kwetu ni 230. Hiyo reli haina alama utakayoitambua usiku. Zaidi ya hapo, mlango ukifunguliwa, mfumo unahesabu kwamba kuna mtu njiani, na unazima au kusimamisha treni za eneo lote. Aliyetaka kuharakisha anawachelewesha wote, yeye mwenyewe akiwemo.

Kutembea njiani hutokea, ila kwa amri ya wahusika na wao wakiwa mbele. Kuala Lumpur, ambako treni ya uwanja ilianza 1998, mwezi Machi 2023 ilikwama na abiria wakalazimika kutembea kando ya reli kurudi jengoni. Baada ya siku hiyo huduma yote ilisimamishwa, mabasi yakachukua nafasi yake, na treni mpya zikaanza Julai 2025. Ukitangaziwa kutembea, acha begi kubwa, beba pasi ya kusafiria, dawa na simu, na ufuate mkono wa aliye mbele.

"Inavuma vibaya, halafu inashtuka"

Hii haina tatizo la kutatua, ila nieleze, kwa sababu mtu aliyezoea mlio wa injini akisikia mlio asioujua hudhani kitu kimepasuka.

Treni ya New York haisukumwi na magurudumu yake. Chukua mota ya mashine ya kusaga unga. Ndani kuna sehemu ya nje iliyosimama, yenye nyaya za shaba zilizozungushwa, na sehemu ya kati inayozunguka. Sasa fikiri umeikata ile ya nje kwa urefu, ukaikunjua ikawa bapa kama ubao, ukaifunga chini ya behewa. Ile ya kati nayo ukaikunjua, ikawa bamba la chuma na aluminiamu lililolazwa katikati ya reli mbili, njia nzima. Umeme ukiingia kwenye nyaya, sumaku inasukumana na bamba, na badala ya kitu kuzunguka, behewa zima linakwenda mbele. Magurudumu ya chuma yanabeba uzito na kufuata reli tu. Ndiyo maana huvuma kama nyuki wakati wa kuondoka, na ndiyo maana huondoka kwa nguvu hata reli ikiwa na maji. Atlanta na Dubai wana treni za magurudumu ya mpira, ambazo mlio wake ni tofauti na mtikisiko wake unafanana zaidi na basi.

Aina zote mbili huondoka na kusimama ghafla kuliko Tazara. Hakuna onyo la filimbi. Mtu mzima aliyesimama bila kushika kitu anaanguka, na nyonga ya mtu wa miaka 70 ikivunjika safari imekwisha. Shika nguzo kabla milango haijafunga. Begi la magurudumu lilaze au ulibane kati ya miguu.

Kwa habari ya mizigo nina sababu nzito ya kusisitiza. Septemba 2002, AirTrain ikiwa bado kwenye majaribio, treni moja iliingia kwenye kona kwa kasi kubwa kupita kiasi ikaacha reli. Ndani yake walikuwa wameweka vitalu vya zege ili viwakilishe uzito wa abiria. Havikuwa vimefungwa imara. Vikasogea, vikamuua kijana aliyekuwa akiiendesha. Hakukuwa na abiria, na mfumo ulifunguliwa zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Kila nikifunga begi la mteja hapa ofisini namkumbuka kijana yule.

"Nimezunguka, nimerudi nilikoanzia"

Treni ni nzima, ni wewe uliyepanda isiyo yako, na hutapoteza kitu zaidi ya muda.

Pale New York kuna njia tatu. Moja inazunguka kwenye majengo ya abiria tu. Ya pili inatoka kwenye majengo hayo kwenda kituo cha Jamaica, na ya tatu kwenda kituo cha Howard Beach, vyote viwili nje ya uwanja. Zote zinapita kwenye vituo vile vile vya majengo, lakini ile ya mzunguko huenda kinyume cha hizo mbili. Kwa hiyo ukipanda ya mzunguko ukitaka Jamaica, utazunguka mpaka asubuhi. Soma jina lililoandikwa juu ya mlango wa jukwaa na mbele ya treni kabla hujaingia, na kama macho hayasomi vizuri, muulize mtu neno moja tu: "Jamaica?" Akitikisa kichwa kukataa, subiri nyingine. Ukishapanda isiyo yako, shuka kituo kinachoitwa Federal Circle au jengo lolote la abiria uanze upya. Ndani ya uwanja hakuna nauli.

Namba za majengo zinachanganya watu. Ukitoka teminali 1 unakuta 4. Mama wa Makambako alinipigia akiamini amepitishwa 2 na 3 akiwa amesinzia. Hakusinzia. Jengo la 3 lilibomolewa 2013, na la 2 lilifungwa Januari 2023. Mwamini aliyeandika tiketi, na uangalie namba ya teminali upya siku ya safari kwenye skrini, kwa sababu mashirika huhamishwa.

Atlanta ni rahisi zaidi: majengo yamejipanga kwenye mstari mmoja, T, A, B, C, D, E, F, na treni inakwenda na kurudi. Ukiona herufi zinapanda ilhali yako iko nyuma, shuka uvuke jukwaa.

"Geti limenikataa"

Hapo umefika Jamaica au Howard Beach, na treni iliyokuwa ya bure inadai nauli, zaidi ya dola 8. Wengi hudhani kadi imeharibika au geti ni bovu. Chanzo nilichokikuta mara nyingi ni kadi ya benki ya hapa nyumbani ambayo haijafunguliwa matumizi ya nje ya nchi. Nenda kwenye tawi lako, uombe ifunguliwe, wiki moja kabla ya safari, na ubebe pia noti ndogo za dola. Kadi ikikataa mara mbili, usiendelee kuigonga mpaka benki iifunge. Mtafute mfanyakazi aliye karibu na geti.

Paris nako kuna mtego wa aina hii. Kitreni cha uwanja wa Charles de Gaulle hakina nauli, lakini Orlyval, ile ya uwanja wa Orly iliyoanza 1991, inalipiwa. Asiyejua tofauti hupita kwa ujasiri na kusimamishwa.

"Nimeshuka, sasa siwezi kurudi"

Baadhi ya treni zinavuka mpaka wa ukaguzi. Umetoka sehemu iliyokwisha kukaguliwa, umeingia sehemu ya kuwasili, na mlango wa kurudi haupo. Frankfurt hata mabehewa yenyewe yamegawanywa kwa aina ya abiria, wanaokwenda nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zisizokaguana pasi mipakani, na wasiokwenda huko, ili wasichanganyike. Ukiona kibao kinachoonyesha mizigo na njia ya kutokea nje, na wewe bado una ndege ya kuunganisha, simama papo hapo kabla ya kuvuka. Muonyeshe mfanyakazi kadi yako ya kupandia ndege. Ukishavuka, njia iliyobaki ni kupanga foleni ya ukaguzi upya, na hapo ndipo ndege huachwa.

"Kituo chenyewe kimefungwa"

Utepe umewekwa, taa za jukwaa zimezimwa. Inaweza kuwa matengenezo ya usiku au hitilafu kubwa. Usisubiri pale. Tafuta kibao chenye picha ya basi, mara nyingi kiko ngazi ya chini, nje ya mlango wa kuwasili. Viwanja vingine vina njia ya kutembea sambamba na treni: Atlanta unaweza kwenda kwa miguu chini kwa chini kutoka jengo moja hadi jingine, ukipumzika kwenye sakafu zinazotembea.

Basi huchukua muda mara mbili au tatu ya treni, na wazee huchoka. Kwa sababu hiyo nimeacha kukatisha tiketi zenye saa moja na nusu kati ya ndege mbili, hata zikiwa za bei nafuu. Mteja akinung'unika namwonyesha kwenye ramani jengo atakaloshukia na jengo atakalopandia, na katikati yake ile njia ya treni. Naacha saa tatu. Kwa mzee anayesafiri peke yake naacha nne, na namwombea kiti cha magurudumu tangu Songwe, hata kama anatembea vizuri, ili kila uwanja apokewe na mtu anayeijua njia.